Glavu ya Fundi Saa

Hebu nitegulie hiki, wewe uliyekunja miguu hapo: nina mwanangu, nikimwogesha na kumsugua jiweni anakonda, na kila akikonda anazidi kuuma. Ni nani?

Mbu? Nani alishawahi kumsugua mbu jiweni! Ni kisu, mjukuu wangu. Na visu ndivyo vilivyotaka kuniondolea mkamwana, mke wa kitinda mimba wangu, yule ninayempenda kuliko mwanangu mwenyewe.

Babu yenu, fundi saa, alipostaafu alikosa cha kutengeneza. Saa ya ukutani aliifungua na kuifunga mpaka ikakata tamaa. Ndipo akageukia jikoni.

"Nyumba hii haina visu," akatangaza. "Ina vijiko bapa."

Kweli, vilikuwa butu hivyo. Kukata kwetu kulikuwa kukandamiza kwa uzito wa mwili wote, dole gumba likikaa chini kama kibao, na nyanya ikikurukia machoni.

Akanunua kinoo, jiwe lenye upande wa kukwaruza na upande laini. Akaliloweka kwenye beseni langu la kunawia uso, bila hata kuniomba. Mgongo wa kisu akauinua unene wa sarafu mbili, akaanza kunoa polepole, kupeleka na kurudisha, kile kioo chake cha kukuzia vyuma vya saa kimebanwa jichoni. "Asiseme mtu," alinong'ona, kana kwamba anazalisha.

Nimpe haki yake: alinoa. Gazeti lilikatika kwa kuguswa tu. Ila hakuna aliyekumbuka kuinoa mikono yetu. Siku hiyohiyo mwanangu alikata mkate pamoja na kitambaa cha meza. Mkamwana alikata kidole. Mimi nilikata kitunguu, kibao, na nusura nikate ndoa, maana babu yenu alicheka mpaka akakohoa.

"Watu wazima, hamjui kushika kisu!"

Kesho yake akaja mezani na glavu ya ngozi mkono wa kushoto.

"Mzee, glavu ya nini na joto hili?" nikamuuliza.

"Nipe chumvi."

Tangu hapo visu vikawa vinanolewa asubuhi, vikifika alasiri ni butu tena, makali yamemeguka na vumbi la saruji limeganda juu yake. Babu yenu akatupanga sebuleni, kioo jichoni, akatukagua nyuso kama saa zilizosimama.

"Humu ndani mna mtu ananihujumu. Nani anashinda jikoni? Mkwe!"

"Baba, mimi ndiye mpishi. Nisiposhinda jikoni mtakula nini, kinoo?"

"Basi kuanzia leo usiguse visu vyangu."

"Nipike kwa meno? Umeniita mharibifu mbele ya mume wangu, baba. Naenda kwetu, na sirudi."

Mume mwenyewe, shujaa wangu, alikuwa anaangalia dari.

"Glavu ya nini, mzee?" nikarudia.

"Mama watoto, tuko kwenye mambo makubwa!"

Begi likatoka chumbani limejaa. Zipu ikakwama. Mkamwana akavuta huku analia, mwanangu akavuta, mimi nikajifanya sina nguvu. Babu yenu akajikaza, lakini kitu kibovu mbele yake ni kama pipi mbele ya mtoto.

"Mtaing'oa! Sogeeni."

Zipu inataka mikono miwili. Akahangaika na ile glavu, vidole vinene kama ndizi, akatoka jasho, mwishowe akaivua kwa meno. Vidole vitatu vilikuwa vimezungushiwa plasta, na dole gumba limefungwa kipande cha soksi.

Tulikimeza kicheko, na kilikuwa kikubwa.

"Glavu ya nini?" nikauliza.

Akaivuta zipu mpaka mwisho, ikakubali. Halafu akaifungua tena yote, begi likabaki wazi.

"Ya kufichia plasta," akasema. "Nilikuwa namenya chungwa. Na visu nilivisugua mwenyewe kwenye kizingiti cha bafuni, maana naviogopa. Mwambieni huyu mke wa mwanangu arudishe nguo kabatini."