Senti Kumi ya Kathure

Mzee Marete wa Kanyakine alikuwa na mkebe wa sarafu kuukuu, na kila sarafu ilikuwa na uongo wake. Hii ilimponyoka gavana akioga katika mto Kathita, mamba akaimeza, kisha akaja kuitapika miguuni pa Marete kwa heshima zote. Ile ilizuia risasi. Watu walicheka, wakamnunulia chai, naye akaongeza mamba wa pili.

Moja tu haikuwa na uongo. Ilikuwa senti kumi ya mkoloni, yenye tundu katikati, aliyomvisha mkewe Kathure shingoni mwaka wa sitini na mbili. Aliikata pengo dogo ukingoni kwa tupa, ili asije msichana mwingine akadai ni yake. Kathure hakuivua hata siku moja, mpaka asubuhi ya kwenda kulazwa hospitalini. Akaitumbukiza mkebeni bila kumwambia mtu. Sarafu za nyumba hiyo zilikaa wapi kwingine?

Wiki hiyohiyo Marete akitafuta pesa za dawa, aliupeleka mkebe Meru mjini kwa Kasim, mwenye bucha, mkusanyaji wa pesa za kale. Zile adimu Kasim alizikagua kwa lenzi, moja moja. Senti za tundu, kwa kuwa zimejaa kila mahali, alizipima kwa kilo kwenye mizani ya nyama.

Kathure alirudishwa nyumbani, macho yamezima, haoni tena, madaktari wameinua mikono.

"Baba Kiende, nifungie senti yangu. Nataka kwenda nayo."

"Uliiweka wapi?"

"Si mkebeni mwako?"

Marete alifika buchani akihema.

"Karibu mzee! Leo ni mamba ama chui?"

"Leo ni mke wangu, Kasim."

Kasim akaweka kisu chini. Walimwaga ndoo nzima ya senti juu ya meza, wakachambua mpaka wateja wakaondoka.

"Ina pengo la tupa hapa ukingoni," Marete akasema.

Kasim akaacha kuchambua. "Mzee, zenye kovu mimi huzitoa kwanza. Hakuna mkusanyaji anayezitaka. Nilimpa fundi wa Kiirua, anaziweka chini ya misumari ya mabati, maji yasipenye."

"Mabati ya nani?"

"Wallahi sijui. Anaezeka kila mahali."

Akampa senti nyingine bure, na tupa.

Jioni Kathure alipitisha kidole kwenye pengo jipya ukingoni, polepole. Pengo la ile senti yake lilikuwa limelainishwa na miaka arobaini ya ngozi.

"Hii inakwaruza."

"Nimeisugua kidogo, Mama Kiende."

"Yangu iko wapi? Leo niambie ukweli tu."

Marete akamwambia. Iko juu ya paa huko Kiirua, imepigiliwa msumari, inanyeshewa.

Kathure akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Wewe! Hata ya mamba ilikuwa na adabu." Kisha akageukia ukuta. "Basi, kama hutaki kuniambia. Nifungie hiyo."

Akamfungia. Alhamisi wakamzika nayo.

Siku hizi mvua zikianza, Marete hupanda gari mpaka Kiirua, akasimama kando ya barabara akitazama mapaa, moja baada ya jingine. Watu wakimwuliza anatafuta nini, huwaeleza yote bila kuongeza neno. Nao hucheka, wakamnunulia chai.