Njia Zinazotoweka Saa Nane

Leiwia Kaltau alikatazwa mara mbili kwa mdomo, na mara ya tatu kwa barua, asibadilishe chochote kwenye kompyuta ya njia. Kompyuta hiyo ilikuwa katika chumba cha nyuma cha kituo cha intaneti mjini Port Vila, mahali ambapo kampuni zote za mawasiliano za visiwa huunganishwa. Kila kampuni huitangazia njia za kuwafikia wateja wake, nayo huzipasha habari kampuni nyingine. Hivyo ujumbe wa kwenda mtaa wa pili hufika moja kwa moja, bila kuzungukia Sydney.

Tangu mwezi wa tano ulikuwa ukizungukia Sydney. Kila siku ya kazi, kuanzia saa nane mchana, wateja wa kampuni ndogo walilalamika kwamba kila kitu kinajikokota, na wengi wakaanza kuhamia kampuni kubwa. Kampuni kubwa ilidai kwamba kituo kina mashine mbovu na fundi asiyejua kazi. Fundi alikuwa mmoja tu, Leiwia.

Bosi wake, Basil Garae, mzee wa kisiwa cha Ambae mwenye sauti ya upole, hakumtetea. Alimwonyesha skrini: taa ya kampuni kubwa ilikuwa ya kijani mchana kutwa. Wenzetu hawajakatika hata dakika moja, alisema, kwa hiyo ubovu ni wetu.

Leiwia hakuiamini taa ile. Ilijua tu kwamba kampuni iko hewani. Haikujali imetangaza njia ngapi. Iliyojua hilo ni programu ya njia yenyewe, inayofanya kazi chinichini, haina dirisha wala kitufe. Ilikuwa na soketi yake, mlango mdogo ndani ya mashine: unapitisha swali kwa maandishi, unarudishiwa jibu kwa maandishi. Leiwia alimalizia chakula chake cha laplap, akanawa mikono, akaandika kwa lugha ya kompyuta ya Python programu fupi ya kubisha mlango huo.

Mara ya kwanza ilikwama. Jibu lilikuja, kisha programu yake ikabaki imeduwaa, ikingoja upande wa pili ukate mazungumzo. Upande wa pili haukuwa na nia ya kukata. Ulingoja swali jingine. Alisoma majibu mstari kwa mstari hadi akaona siri yake. Kila jibu lilikuwa na namba ya tarakimu nne. Namba ikifuatwa na kistari, maneno bado yanakuja. Ikifuatwa na nafasi tupu, yamekwisha. Akarekebisha. Kuanzia hapo aliuliza kila dakika kwa wiki mbili, majibu akayaweka kwenye ukurasa wa intaneti ulio wazi kwa yeyote, na anwani yake akawatumia wanachama wote wa kituo, yaani kampuni zilizounganishwa hapo, na Basil pia.

Jumatano kikaitishwa kikao. Rolland Kalorib wa kampuni kubwa alikuja na mwanasheria.

"Dada, uliambiwa usiguse ile mashine," alianza.

"Niliambiwa nisibadilishe. Kuuliza sikukatazwa." Leiwia akamgeuzia skrini. "Amri ya kwanza ninayotuma ni ya kujifunga mikono. Nikishaituma, hata nikitaka kuharibu, mashine inanikatalia. Imeandikwa hapo juu, kaka. Soma."

Mama Evelyn Tasso, mwenye kampuni ndogo kule Luganville, akasogeza kiti kutazama. Saa nane kasorobo kampuni kubwa ilikuwa imetangaza njia thelathini na nane. Saa nane kamili, mbele ya macho yao, zikawa sifuri: kila ujumbe wa kwenda kwa wateja wake sasa ungezungukia Sydney. Taa ikabaki kijani.

Rolland alisema ni matengenezo.

"Matengenezo ya kila siku, saa ileile," Leiwia alisema. "Jumamosi na Jumapili hakiharibiki kitu?"

Mama Evelyn akacheka kwa sauti. Basil hakucheka. Alimwomba Leiwia, kama binti yake, aufute ukurasa ili mambo yaishe kwa amani.

"Mzee, niandikie barua kwamba niufute, na utie saini. Nitaibandika kwenye ukurasa huohuo."

Alisimamishwa kazi jioni ile. Lakini wanachama walipiga kura ukurasa usiguswe, na Jumatatu iliyofuata saa nane ilifika, njia thelathini na nane zikabaki palepale. Hazikutoweka tena. Hakuna aliyesema samahani.

Wiki ya pili Basil alimfuata nyumbani kwa mama yake, kijijini Mele, akiwa na barua iliyoandikwa kwa niaba yake, ya kuomba radhi kwa kuichafulia kampuni kubwa jina. Ilibaki saini ya Leiwia tu. Leiwia aliisoma akiwa amesimama, udongo wa shambani mikononi. Akamwomba kalamu. Akasahihisha jina lake, waliloliandika vibaya, akamrudishia barua bila saini.

"Jumatatu ninarudi kazini," alisema.

Jumatatu alirudi. Basil alimwona akipita mlangoni, akainamia makaratasi yake.