Sufuria ya Salomé

Bunduki ya marehemu baba haikumdhuru mtu nyumbani mwangu, na anayetaka kunibishia na aje. Mimi Émile, fundi wa karakana ya reli hapa Kamina, niliiweka juu ya dari, kartushi nikazifungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni hata kanisani. Mwaka wa vita, 1998, pini inayogonga kartushi ilivunjika. Wenzangu wakataka kunichongea nyingine kwa msumari. Nikakataa, maana pini ya kubahatisha yaweza kumlipukia mtu usoni. Nilitafuta miezi minne, mpaka mjane wa mwindaji mmoja kule Bukama akaniuzia ya mumewe, aina ileile. Nilijiona mwenye akili kuliko mtaa mzima.

Ila kartushi mpya hazikuja tena. Nikawa najaza maganda ya zamani, na chembe za risasi nikazitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha betri kuukuu za gari. Niliziyeyushia jikoni, katika sufuria ya mke wangu Salomé. Tulikuwa nayo hiyo moja tu. Aliisugua kwa majivu ikang'aa, kisha akapikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Binti yetu Hadassa, miaka minne, aliokota chembe zilizodondoka.

"Usiangushe hata moja, mutoto wa muwindaji," nilimwambia, naye akafurahi.

Tumbo likaanza kumsokota. Tukampa dawa ya minyoo, kisha ya malaria. Akapauka, akalegea, na wimbo wa shule ya Jumapili ukamtoka kichwani ubeti kwa ubeti. Tulipompeleka zahanati, muuguzi Éliézer alitazama kucha zangu kuliko alivyomtazama mtoto.

"Papa Émile, hii mikono inafanyaka nini ku nyumba?"

"Minayeyusha plomb, ile risasi ya betri, juu ya bunduki."

"Mu sufuria gani?"

Salomé akaanza kulia kabla sijajibu.

"Ile moshi na ile sufuria njo sumu," akasema Éliézer. "Acha leo. Tupa sufuria. Munawe mikono mbele ya kula. Umupe maziwa, kama utapata."

"Na dawa?"

"Hapa haiko. Labda Lubumbashi."

Nikaenda stesheni kumwombea mtoto nafasi ya kwenda huko. Mabehewa yale nimeyatengeneza kwa mikono hii, lakini mkuu wa treni, mwenzangu wa kwaya, hakuwa na la kufanya. "Kaka, yote iko ya basoda," akasema, akinionyesha wanajeshi waliojaa hadi milangoni.

Nikarudi, nikaizika sufuria, nikafagia uwanja hadi mgongo ukauma. Mjuzi wa bunduki! Nilikaa kizingitini nikalia, sikujali majirani.

Hadassa akatokea nyuma ya jiko, anatabasamu, midomo ameifumba. Akaufungua mkono wangu, akatemea humo chembe tatu.

"Papa, kila siku minabebaka mu kinywa," akasema, "juu zisianguke."

Akasimama pale akingoja nimsifu.