Ukurasa wa Nyuma

Baba yangu hakuwahi kuificha shaka yake. Siku niliyomwambia kwamba nimekubaliwa kusoma shahada mbili kwa mpigo, famasia na utawala wa umma, alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena kama vile kosa lilikuwa kwenye kioo. "Mshika mawili moja humponyoka," akasema. Nikamjibu kwamba nina mikono miwili. Alicheka, lakini tangu siku ile kila nikipiga simu nyumbani swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Haya, leo limeponyoka lipi?"

Wenzangu chuoni waliniita Pacha, maana jina langu lilikuwa kwenye orodha mbili za mahudhurio. Asubuhi nilikuwa maabara na koti jeupe, napima unga wa dawa. Mchana nilikaa na watu wa tai wanaobishana kuhusu sera. Wa famasia waliniona mwanasiasa, wa utawala wakaniona muuza dawa, na mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Niseme ukweli, nilijidai sana. Niliamini najua kinachoendelea pande zote mbili za meza, na mtu wa miaka ishirini na minne anayeamini hivyo ni taabu kuishi naye.

Mwaka wa tano tulipelekwa kwenye mafunzo ya kazi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nasoma shahada mbili, nilipangiwa sehemu mbili: miezi sita ofisi ya afya ya wilaya, kisha miezi sita kwenye kituo cha afya. Ofisini nilipewa kiti kinachozunguka na rundo la fomu ambazo vituo arobaini na sita hutumia kuomba dawa. Nilizikagua, nikaandika ripoti ya namna ya kupunguza dawa zinazoharibikia kwenye makabati ya vituo, na mkuu wa ofisi akaipenda hadi akaifanya kuwa utaratibu wa kazi. Chuo kikanipa alama ya awali ya juu kuliko wote, nikisubiri kuitetea ripoti mbele ya jopo. Nilimpigia baba nikamsomea alama hiyo mara mbili.

Miezi minne baadaye, baada ya mitihani na likizo, nikaripoti kituoni.

Chumba cha dawa kilikuwa chembamba, rafu pande mbili, friji moja inayonguruma, na kidirisha kilichotobolewa chini mno ukutani, kiasi kwamba kila mgonjwa lazima ainame ili asikie maelezo. Aliyekaa nyuma ya kidirisha hicho kwa miaka ishirini na miwili aliitwa Mama Dirisha. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na aliyehesabu vidonge kwa haraka ya mtu anayechambua mchele. Siku ya kwanza alinipa kalamu na bahasha mia za dawa niziandike: kidonge kimoja mara tatu, siku saba. Niliandika kumi hivi, akaichukua moja akaitazama kwa muda.

"Saba yako unaifunga mkanda," akasema.

"Baba alinifundisha kuikata mstari katikati, ili isidhaniwe moja."

"Vizuri." Akairudisha bahasha. "Basi kuanzia kesho utakaa wewe dirishani."

Nilishangaa, maana wanafunzi huanzia stoo kufuta vumbi. Nikadhani ameona kipaji. Nilivimba kichwa siku nzima.

Kumbe kukaa dirishani ni kusema neno moja: hakuna. Dawa nyingi zilikuwepo, siwezi kukisingizia kituo, lakini vidonge vya kifafa havikuwepo, na kituo kilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja waliovitegemea. Tangu mwaka jana walijinunulia wenyewe mjini hadi fedha zikawaishia. Sasa Mama Dirisha alikuwa ameazima kopo moja kutoka kituo jirani na alikuwa akiligawa kwa uchungu, kwanza dozi za wiki mbili, kisha za wiki moja, kisha za siku tatu. Alishaandika barua mbili ofisini. Akajibiwa kwa mstari mmoja: fuateni fomu.

Kati ya wale kumi na mmoja, mmoja aliniingia rohoni. Alikuwa fundi seremala, mtu wa makamo, nyusi zimejaa vumbi la mbao hata siku ambazo amevaa shati safi. Alikuwa anatengeneza milango na vitanda kwa msumeno wa umeme.

"Miaka minne sijaanguka, binti," aliniambia, ameinama hadi kidevu kimegusa kizingiti cha dirisha. "Tangu Mama Dirisha anianzishie hivi vidonge, miaka minne. Nikaanza kusahau kwamba ninaumwa."

"Leo nina vya siku tatu tu, fundi."

"Vya siku tatu si haba. Ila msumeno nimeuweka pembeni. Siku hizi napiga msasa tu." Akatabasamu. "Shida ni kwamba hakuna mtu anayenunua mlango uliopigwa msasa bila kukatwa."

Alipoondoka niliwaka. Mimi hasira zangu ni za kuni kavu, hazihitaji kupuliziwa. "Hao watu wa ofisini wanafikiri nini?" nikamuuliza Mama Dirisha. "Wanakaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, hawajawahi kuona mgonjwa! Nani huyo aliyekata dawa ya kifafa? Ningemjua ningemwendea!"

"Hasira hasara, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Hesabu vidonge."

Lile kopo liliisha siku ya Jumatano. Jumatatu iliyofuata fundi alirudi. Alipoinama dirishani niliona kwanza mshono mweusi wa nyuzi saba juu ya jicho, halafu nikaona mkewe amesimama nyuma akimshika kiuno kama anayeshika ngazi isianguke.

"Nilianguka karakana," akasema. "Nimegonga pembe ya meza tu. Msumeno ulikuwa umezimwa, lakini mteja aliniomba nimkatie mbao mbili, na nilikuwa nimeshaushika waya..."

Hakumalizia. Mkewe ndiye aliyeuliza kama kuna chochote.

"Hakuna," nikasema.

Nilisema hivyo nikimtazama usoni, kwa sababu dirisha lile halikupi pa kutazama kwingine. Kisha nikafunga kibao cha dirisha, nikaingia stoo na kuvuta faili la fomu zilizorudishwa kutoka ofisini. Nilikuwa nimeamua kumpata huyo mtu, na nikimpata nimwandikie barua ambayo hataisahau.

Nilimpata. Kwenye fomu ya mwaka jana, mstari wa vidonge vya kifafa, safu ya "zilizotolewa kwa wagonjwa", kulikuwa na sifuri. Pembeni yake, kwa kalamu nyekundu: Hakuna matumizi. Isipelekwe hadi tutakapotoa taarifa. Chini yake tarehe, kumi na saba mwezi wa saba, na saba zote mbili zimefungwa mkanda. Chini ya tarehe, herufi mbili za jina langu.

Nikakaa juu ya boksi la glavu.

Nikaigeuza ile fomu. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na safu moja tu, ya "siku ambazo dawa haikuwepo", na Mama Dirisha alikuwa ameijaza kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: siku sitini na moja, ghala kuu liliishiwa, wagonjwa kumi na mmoja wanasubiri. Kituo kilitoa sifuri kwa kuwa kilikuwa na sifuri. Hesabu ya jambo hili tulifundishwa mwaka wa pili kwenye famasia. Dawa zilizotolewa huzigawanyi kwa siku zote, unazigawanya kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, na kama haikuwepo kabisa unarudi kwenye mwezi wa mwisho ilipokuwepo. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote. Lakini ofisini sikuwa mfamasia. Ofisini nilikuwa mtu wa utawala mwenye fomu arobaini na sita za kumaliza kabla ya saa kumi, na kugeuza kila karatasi kulikuwa kunanichelewesha. Nikaacha kugeuza. Ile ripoti yangu nzima, yenye majedwali ya rangi na alama ya juu, ilisimama juu ya kurasa za mbele.

Shahada mbili ndani ya kichwa kimoja, na zilikuwa bado hazijasalimiana.

Nilitoka stoo na fomu mkononi. Mama Dirisha alikuwa anafunga bahasha.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu bahasha ya kwanza. Saba kama hiyo nimeitazama tangu mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungejieleza. Wasomi mnajua kujieleza. Nilitaka kwanza useme hakuna kwa mdomo wako, mbele ya mtu." Akaweka bahasha chini. "Nilidhani siku mbili tatu zingetosha, utakwenda kutazama faili. Ukakaa wiki tatu unawatukana watu wa ofisini, na mimi nikakaa wiki tatu nakungoja. Zile nyuzi usoni kwa fundi, nusu ni zangu. Hilo nalijua."

Nililia, naye aliniacha nilie, kisha akanipa fomu mpya tuijaze pande zote mbili.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa ofisi ya wilaya kabla hajafika. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma kurasa zote mbili, akashika kichwa. "Ghala lina hizi dawa," akasema. "Naweza kuzitoa leo kwa dharura. Ila nahitaji barua inayoeleza kwa nini tulizizuia." Akanitazama juu ya karatasi. "Ripoti yako unaitetea mbele ya jopo la chuo wiki ijayo, sivyo? Tuandike hitilafu ya mawasiliano. Yatapita."

Nakiri kwamba maneno hayo yalinivutia. Hitilafu ya mawasiliano ni kitu kizuri sana, hakina baba wala mama, hakuna anayeweza kuja kukidai. Na ningekwenda kuvaa joho pamoja na wenzangu. Kisha nikakumbuka yule mama alivyomshika mumewe kiuno.

Nikaandika: Nilikagua ukurasa wa mbele peke yake. Kosa ni langu. Naomba fomu zote arobaini na sita nizipitie upya.

Tulikuta vituo vingine vinne vilivyokatiwa dawa kwa kosa hilohilo. Dawa zilitoka siku ileile. Jopo la chuo lilifuta alama yangu, likaamua nirudie miezi sita ya utawala, na wenzangu wakahitimu mimi nikiwapigia makofi kutoka viti vya wageni. Nilimpigia baba.

"Leo limeponyoka lipi?" akauliza, kwa mazoea tu.

"Hakuna lililoponyoka, baba. Niliyashika yote mawili, ila kwa mikono isiyojuana." Nikamweleza kila kitu.

"Basi rudi ukayashike upya," akasema. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena.

Lakini niliyoyaogopa zaidi hayakuwa ya jopo. Siku dawa zilipofika, fundi alikuja peke yake. Nyuzi zilikuwa bado juu ya jicho, uvimbe umeanza kupungua. Nilimhesabia vidonge sitini kwenye trei, nikavimimina kwenye bahasha, nikaandika, nikampa.

"Nimesikia ni wewe uliyekwenda ofisini kuzifuata," akasema. "Mungu akubariki, binti."

Mama Dirisha alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia ameacha kuhesabu.

"Fundi," nikasema, "ni mimi niliyezikata. Mwaka jana, nikiwa ofisini. Sikusoma fomu yenu vizuri. Nisamehe."

Alibaki ameinama pale dirishani, macho yake sawa na yangu, akinitazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuamua kama utafaa. Kisha akaifungua bahasha taratibu, akavirudisha vidonge vyote kwenye trei yangu, na kuisogeza kwangu.

"Hesabu tena," akasema. "Mimi nikiona."

Nikahesabu.