Mayai Mabichi ya Safari ya Gisenyi

Agosti 1990, mzee Cyriaque wa Gatsata, Kigali, alikuwa amejipalia makaa. Kwa miaka alimsimulia mjukuu wake Belyse kwamba Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, iko chemchemi ya maji moto ambamo yeye alichemsha mayai. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuvuka Ruhengeri, mji ulio njiani kabla ya Gisenyi.

Sasa mkwewe Épiphanie alikuwa akipakia gari kwa likizo ya Gisenyi.

"Baba, chakula sikupika. Nimebeba mayai mabichi tu. Yasipoiva, utamweleza Belyse mwenyewe."

"Yataiva hata ukiyatazama tu," akajibu.

Njiani walisimama kutazama volkano. Wengine walishangilia, yeye alihesabu kona zilizobaki. Ufukweni wote waliogelea, yeye hakulowesha hata kidole. Walipofika chemchemini, Belyse akatumbukiza kikapu cha mayai. Wakasubiri nusu saa, kisha Épiphanie akavunja la kwanza. Limeiva!

"Si nilisema Babu hadanganyi!" Belyse akapiga kelele.

Cyriaque akamenya la kwake polepole, akalichungulia mara mbili, akalila bila chumvi. Kisha akakohoa kidogo na kunyoosha kidole kuelekea volkano.

"Na ule mlima," akasema, "niliupanda kwa baiskeli."