Uzito wa Mbwa wa Mwalimu Nicodème

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwalimu Nicodème alipanga makopo mawili matupu ya maziwa kwenye veranda ya shule, pale Kamina, akamfundisha mbwa wake kunusa hofu. Kopo la kwanza lilikuwa na kitambaa kilichofuta jasho la wanafunzi wakifanya mtihani, ile examen. La pili lilitaka jasho la mtu mtulivu, na mwalimu hakuhangaika: alichukua kilemba cha mkewe, Lise. Miaka ishirini na miwili ya ndoa mama wa watu hajambishia neno. Utulivu gani tena?

Akinusa hofu, mbwa yule aliongezeka uzito, basi. Kwa kopo la examen, kilo mbili tatu. Mbele ya kilemba cha Lise aliketi, na simenti ikapasuka.

“Apana,” mwalimu akasema, akampiga puani. “Ile njo ya mutu mwenye kutulia.”

Alimpiga hivyo wiki tatu. Kisha akampeleka, pamoja na kopo la kilemba, kwa Mwajuma, muuza mahindi mwenye mizani.

“Kilo makumi munane na tano,” Mwajuma akasoma. “Mizani yangu haina bongo, mwalimu, haidanganyaka. Na mbwa pia.”

Siku iliyofuata mwalimu alimwacha mbwa nyumbani, akarudi mapema. Kutoka barabarani alimsikia Lise akiimba wimbo wa kanisa huku akichekecha unga barazani. Hakujua kwamba mkewe huimba. Mbwa alikuwa akirukaruka kati ya kuku, mwepesi kama pumba. Nicodème akakohoa, kama alivyokohoa siku zote akifika. Wimbo ukakatika. Mbwa akaja kuketi miguuni pa Lise, na sakafu ikamkubali hadi vifundoni.

“Mama Béni,” akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao, “unaniogopaka?”

“Apana, Papa Béni.” Sauti ilikuwa ile ile ya upole, na tayari alikuwa anamsogezea kiti. Mbwa akazama kidole kingine.

Majuto yalimshika mwalimu, tena majuto ya kweli. Yeye aliyekuwa na maneno kwa kila mtu aliinama, akampapasa mbwa pua, akamwomba mbwa msamaha, si mkewe. Lise akaenda kuleta maji ya kunawa.

Jumamosi mwalimu alinunua simenti, akaziba nyufa zote za shule na za baraza lake vizuri. Matundu manne ya miguu aliyaacha wazi, ili mbwa awe na pa kuketi kila mwalimu anaporudi nyumbani.