Fungu la Ilias

Daphrose alipofungua kitambaa, harufu ilimjibu kabla Khadidja hajasema neno. Kidonda cha mguuni mwake, kilichokuwa kimekauka vizuri, kilikuwa kimefumuka upya, na wekundu ulikuwa umepanda hadi karibu na goti.

"Mama, dawa ulimaliza?"

"Nilimaliza, mwanangu."

"We unanidanganya! Mbona huu muguu unasema apana?"

Khadidja aligeuza uso, akatazama barabara ya mtaa wao wa Nyakabiga, maduka yamefungwa huku na huku. Daphrose, muuguzi wa mtaa, aliuza dawa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na tangu nchi jirani zifunge mipaka, rafu zake zilikuwa zimebaki karibu vumbi tupu. Polepole Khadidja akatoa mkobani kopo la maziwa ya unga, akalisukuma juu ya meza.

Ndani mlikuwa na vidonge vya kila namna: vya kifua, vya jino, vya mguu huu huu. Kila alipougua, Khadidja alimeza mpaka apate nafuu, kisha akaweka vilivyobaki. "Ni fungu la Ilias," alisema. Mumewe, fundi mwashi, alikwenda mtaa wa Kamenge kumalizia ukuta wa mtu. Siku hiyo hiyo askari wakauzingira mtaa, na hakurudi. Baadaye watu walileta habari kwamba wengi waliokimbilia milimani hawakufa kwa risasi, bali kwa vidonda vilivyooza. Basi akirudi na jeraha, asikute nyumba haina dawa.

Daphrose alitikisa kopo. Halikulia. Joto la paa la bati lilikuwa limegandisha vidonge vikawa bonge moja la rangi ya kahawia.

"Hii ungemupa, ungemuzuru," alisema, sauti imeshuka. "Na ile ya kifua haiwezi kidonda. Kila dawa na mududu wake. Sikiliza, Mama, we ni muke wa mwashi. Huyu mududu anajijengea ukuta. Dawa inamunyima kujenga, anapasuka. Wale wazaifu wanakufa kwanza, unasikia nafuu, unaacha. Wale wagumu wamebaki ndani, wanazaa."

"Na Ilias?"

"Akirudi, utamufungulia mulango na muguu gani?"

Khadidja alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Daphrose akampa pakiti ya mwisho kwenye rafu, akamwapisha ameze vidonge vyote, hata mguu ukipoa. Na homa ikipanda, aende hospitali, asingoje.

Wekundu ulishuka. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kila kidonge alichomeza akiwa hana maumivu alikihisi kama tonge alilompokonya mtu mwenye njaa. "Nisamehe, hiki kilikuwa chako," alikiambia kiti cha Ilias, ambacho hakuna aliyekikalia tangu aondoke.

Asubuhi ya kidonge cha mwisho, alikishika kiganjani mpaka kikaanza kunata. Kisha akakimeza, akashushia maji, akainuka bila kushika ukuta. Akatembea hadi mlangoni, akavuta komeo, akafungua wazi.

Mguu haukuuma. Nje kulikuwa na vumbi na barabara tupu. Alisimama pale kwa miguu yake yote miwili, mpaka jua likafika kizingitini.